Mafuta ya Sungura wa Mwanamisi

Gitothua, Ruiru
14 Januari 2025

Mjomba Ayub,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto hili la Januari halijawamaliza sungura. Mimi niko sawa. Kaka Ibra alinipigia kutoka Doha, mkewe amejifungua mtoto wa kike na wamempa jina la marehemu mama yetu, Zubeida. Alitaka kukuambia mwenyewe lakini anasema simu yako inalia tu bila kushikwa.

Hata mimi imenililia tangu Oktoba. Kilonzo, yule anayesambaza chakula cha mifugo, ndiye aliyenitoa wasiwasi. Anasema siku hizi ukitaka gunia unamwandikia kwenye karatasi na kumpa mkononi. Basi nami nimeona nikuandikie. Yeye hupita kwako kila Alhamisi, halafu anakuja huku Gitothua. Amekubali kutubebea barua.

Kilichonifanya nishike kalamu ni masomo. Utafiti wangu wa digrii ya pili ni wa mafuta yaliyo ndani ya nyama ya sungura: kama yanabadilika mnyama akizeeka, kama jike na dume wanatofautiana, na kama sarara ya mgongoni, paja na mkono wa mbele zina mafuta sawa. Shida ni umri. Wafugaji wengi hukisia tu. Shangazi Mwanamisi hakuwa mtu wa kukisia, najua tarehe zote za kuzaliwa ziko. Naomba wanane wa miezi mitatu, madume wanne na majike wanne, na wanane wengine waliopita mwaka mmoja na nusu, vivyo hivyo.

Ukisema hapana nitaelewa. Hata usiponijibu, Mjomba, nitaelewa.

Nadira


Ngoingwa, Thika
30 Januari 2025

Nadira,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Mwambie Ibra Mungu amkuze mtoto. Jirani yangu Wakonyo amebomoa nyumba ya zamani na anajenga gorofa, vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Parachichi la nyuma limezaa sana mwaka huu. Sina wa kumpa, naokota yaliyooza.

Simu sizitaki tena. Ukiwa na neno, andika.

Nyama utapata. Tarehe ziko kwenye kalenda za ukutani, kila mwaka na kalenda yake, mwandiko wa shangazi yako. Nimekata nyama soko la Thika miaka thelathini na miwili na ninaweza kukuambia hata bila hiyo maabara yako. Sarara ya sungura haiweki kitu, ni kavu kama sabuni. Paja lina afadhali. Mkono wa mbele ndio wenye mafuta. Na jike akishapita mwaka hujiwekea akiba, hata asipozaa, maana mwili wake unangoja watoto. Ukimpasua utaona figo zimefunikwa nyeupe. Dume hazeeki hivyo.

Lakini kama wanataka upime kwa mashine, sawa. Nitachinja kidogo kidogo, nitoe mifupa, nikutie kila kipande kwenye mfuko wake na karatasi. Kilonzo ana boksi la barafu.

Barabara ya Ngoingwa iko palepale ulipoiacha.

Ayub


Gitothua
20 Februari 2025

Mjomba,

Assalaam aleikum. Natumai vumbi la Wakonyo limepungua. Huku kwetu maji hayajafika siku tisa, tunanunua ya mkokoteni. Jirani wa mlango wa pili amehama, sasa kuna mwingine, sijajua jina lake. Katika hili jengo watu hubadilika kabla hujazoea sauti zao.

Mifuko yote imefika: wadogo wanane na madume wanne wakubwa. Kila mtu maabara alishangaa jinsi ulivyokata. Supavaiza wangu, Daktari Kitonga, aliuliza hospitali gani imefanya kazi hii. Nikamwambia ni mjomba wangu, si hospitali.

Ungependa kujua ninavyofanya? Nasaga nyama, naikausha, halafu naichemsha katika dawa inayoyeyusha mafuta. Dawa ikishageuka mvuke, mafuta yanabaki peke yake chini ya kichupa, kiasi cha machozi. Nayapima. Halafu nayapitisha kwenye mashine inayosema ni mafuta ya aina gani, yale laini yasiyoganda upesi au yale magumu. Dawa hiyo hushika moto haraka, kwa hiyo hatuingii na simu. Tunaziacha kwenye kabati nje. Siku nzima hakuna mtu anayeweza kukupata.

Sasa nangoja majike wakubwa wanne tu. Wakifika nitakuwa nimemaliza kabla ya Julai.

Ramadhani njema, Mjomba.

Nadira


Ngoingwa
13 Machi 2025

Nadira,

Ramadhani karimu. Nafuturu kwa tende na uji wa wimbi. Uji nauharibu, unashika chini. Wakonyo si Mwislamu lakini alinipikia chapati siku mbili, halafu nikamwambia aache, maana nilizitupa nusu.

Jumatano ijayo ni tarehe kumi na tisa, mwaka mmoja tangu mke wangu afe. Nadhani unajua.

Majike wanne hawa hapa. Wote wamepita mwaka na nusu. Nimewachinja wote wanne mwenyewe na kuwatoa mifupa na kuwasafisha vizuri. Karatasi ziko kwenye mifuko. Nimewachinja wote.

Kilonzo ana haraka.

Ayub


Gitothua
8 Mei 2025

Mjomba,

Assalaam aleikum. Samahani kwa kimya. Nilitaka kukuletea salamu za Idi zikanipita, na sina sababu nzuri. Ibra ametuma picha ya mtoto, nimeichapisha na kuiweka humu. Ana paji la uso la mama.

Mjomba, nina swali, na tafadhali usilichukue vibaya.

Wadogo wametoka kama ulivyosema. Sarara gramu moja tu ya mafuta kwa kila mia ya nyama, paja karibu tatu, mkono wa mbele tano. Dume na jike hawatofautiani katika umri huo. Madume wakubwa wamepanda: sarara moja na nusu, paja nne, mkono karibu nane. Lakini majike wako wakubwa wamebaki chini kabisa, sawa na watoto wa miezi mitatu. Nimerudia mara tatu. Jumapili nilikuwa maabara peke yangu, jengo zima halina mtu, nikaanza upya tangu kusaga. Majibu ni yaleyale.

Daktari Kitonga amefurahi. Anasema hakuna aliyewahi kuona jike mzee asiye na mafuta, tukiandika vizuri itasomwa mbali. Mimi sijafurahi. Nakumbuka ulichoniandikia kuhusu figo zilizofunikwa nyeupe.

Je, walikuwa wazee kweli?

Nadira


Ngoingwa
22 Mei 2025

Nadira,

Nimeipata picha. Mtoto mzuri.

Mimi sikusoma, lakini sungura mzee namjua. Pengine mizani yenu ndiyo mbovu.

Ayub


Gitothua
3 Julai 2025

Mjomba,

Assalaam aleikum. Baridi ya huku imenikamata kifua, natumai wewe unavaa lile sweta la bluu.

Wiki sita nimeandika barua hii na kuichana. Mizani si mbovu. Ngoja nikueleze kama ambavyo ningemweleza Shangazi, maana yeye angeuliza mpaka aelewe. Kuna mafuta ambayo kila chembe ya mwili imejengwa nayo. Hayo ni laini, na mnyama mdogo anayo kama mkubwa. Halafu kuna mafuta ya akiba. Umri ukienda, akiba huongezeka na yale laini yanaonekana machache kando yake. Ndiyo maana mashine inaweza kumtambua mnyama aliyeishi muda mrefu. Hawa wanne hawana akiba yoyote. Ni mafuta ya mnyama ambaye juzi alikuwa ananyonya.

Tarehe ishirini na nne nasimama mbele ya kamati kueleza utafiti wangu. Nitasoma yale uliyoandika kwenye karatasi: majike, mwaka mmoja na nusu. Nitasema yamethibitishwa na mfugaji. Kama si kweli, jina langu ndilo litakaa juu ya jambo lisilo kweli, na watu watalifuata. Lakini umesema ni wazee, na mimi sina wa kumwamini zaidi yako, kwa hiyo nitasema hivyo.

Nimezoea kutojibiwa nawe. Siku aliyokufa Shangazi nilitoka maabara saa kumi na moja, nikakuta simu yangu kwenye kabati imepigwa mara kumi na nne. Alikuwa ameshazikwa baada ya alasiri. Asubuhi yake nilikuja Ngoingwa. Nilibisha, Mjomba. Nilibisha mlango wa mbele, nikazunguka nikabisha wa jikoni. Redio ilikuwa inanguruma, na nilikusikia ukikohoa ndani. Nikaita jina lako mpaka Wakonyo akachungulia juu ya ua. Hukufungua. Nikajua umenihukumu, na nikaona una haki. Nikaondoka.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Nadira


Ngoingwa
10 Julai 2025

Nadira mwanangu,

Sikukusikia.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama langoni na Kilonzo yuko palepale, nikamshika mkono asiondoke. Amekaa hapo kwenye ndoo ananingoja niandike. Akichelewa kwa wateja wake ni kosa langu.

Masikio yangu yamekufa. La kushoto lilianza miaka minne nyuma, la kulia likafuata. Shangazi yako ndiye aliyekuwa masikio yangu na hatukumwambia mtu. Alikuwa ananigusa bega muadhini akianza. Watu wakinisemesha sokoni anajibu yeye kama mwanamke mwenye mdomo, nao wanacheka, kumbe ananifunika. Alipokufa nikawa naweka redio mpaka mwisho niangalie kama nitapata hata mtetemo. Kwa hiyo redio uliyoisikia, mimi sikuisikia. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake na sikusikia mlango, sikusikia jina langu. Nilingoja uje. Siku ya saba nikasema huyu mtoto hakuja. Mwaka mzima nimekaa nikisema hakuja.

Ningekuwa mtu wa kumwambia jirani, "Mimi sisikii," Wakonyo angeniambia ulikuja. Lakini niliona aibu. Nikapunguza watu mpaka wakaisha.

Sasa la sungura. Umenishika na ni kweli. Majike wazee ni wanne, Kadogo, Mpole, Bi Hasira, na Saumu aliyezaliwa mwezi wa Ramadhani. Shangazi yako aliwapa majina na kuwalisha majani ya viazi kwa mkono wake hadi Jumapili ile ya mwisho. Madume niliweza. Nilipomshika Mpole akaingiza pua kwenye mkono wa kanzu yangu kama alivyokuwa akifanya kwake, nikamrudisha kizimbani. Nikachukua wanne wa miezi minne, nikatoa mifupa ili usione udogo wao, nikaandika uongo kwa mkono wangu. Nilidhani nyama ni nyama. Sikujua inaweza kusema.

Usisimame mbele ya watu na maneno yangu. Waambie mjomba wako alidanganya. Jina langu litaje.

Kilonzo ananionyesha saa.

Mjomba wako, Ayub


Gitothua
17 Julai 2025

Mjomba wangu,

Nilikwenda kwa Daktari Kitonga Ijumaa, kesho yake baada ya kupata barua yako. Sikutaja jina. Nilisema umri wa kundi moja hauna uthibitisho na ninaliondoa. Akaniuliza, "Unajua unajirudisha nyuma mwaka?" Nikasema najua. Akafuta tarehe yangu kwenye ubao. Sitahitimu na wenzangu mwezi wa kumi na moja.

Usijilaumu. Kuna mfugaji huko Theta anayeitwa Gathogo, ana majike wa zamani na daftari la kuaminika. Wale wa Shangazi waache walivyo.

Kilonzo amekubali kurudi Ngoingwa leo hii akuletee barua hii. Jumamosi asubuhi nitakuja. Sitabisha. Acha mlango wa jikoni wazi.

Nadira


Gitothua
21 Agosti 2025

Mjomba,

Assalaam aleikum. Natumai uji hauungui tena. Koroga mpaka mkono uchoke, Shangazi alikuwa anasema hivyo.

Nilipofika ile Jumamosi na kukuta umeshanoa kisu na majike watatu wamo kwenye kikapu, nilikasirika, ukaona usoni. Nilikuandikia "Hapana" kwenye karatasi nawe ukaandika chini yake, "Yeye angekwisha kuwachinja zamani." Nimefikiri sana. Ni kweli. Shangazi hakuwahi kufuga mnyama wa kuzeekea tu. Lakini nashukuru ulikubali tumwache Saumu.

Majibu haya hapa. Sarara gramu mbili, paja tano na zaidi, mkono wa mbele kumi. Wamewapita madume wa umri wao kila mahali, na akiba yao imejaa yale mafuta magumu. Ulikuwa umesema yote Januari, bila mashine. Daktari Kitonga anataka nichukue wengine watano kwa Gathogo ili idadi itoshe, halafu niandike. Itakuwa mwakani.

Nilipompima Mpole nilikaa kidogo kwenye kiti. Maabara ilikuwa na watu lakini hakuna ambaye ningemweleza nilichokuwa nakiangalia. Nikaandika namba kwenye kitabu nikaendelea.

Kuna kliniki ya masikio hapa Ruiru. Nimeuliza. Utakuja?

Nadira


Ngoingwa
4 Septemba 2025

Nadira mwanangu,

Waaleikum salaam. Ile kliniki nitakuja. Nilikwishapimwa mara moja, wakasema la kushoto halirudi, la kulia labda kwa kifaa. Sikurudi kwa sababu nilikuwa peke yangu na daktari alikuwa anaita majina kwa mdomo tu. Nilikaa pale benchi mpaka wakafunga, pengine waliniita.

Nimemwambia Wakonyo. Nilimwandikia kwenye gazeti: mimi ni kiziwi. Akashika kichwa, akaita mafundi wote wa gorofa yake akawaonyesha, na mimi nikaona haya, lakini sasa wananipungia mikono asubuhi. Kilonzo naye akifika anarusha kijiwe kidogo kwenye bati la vizimba ili Saumu ashtuke nimwone anavyoruka, nijue kuna mtu.

Siku ile ulipokuwa hapa nilisema machache. Mtu asiyejisikia anaogopa kupiga kelele mbele ya wageni, na wewe ulikuwa umekaa mbali sana muda mrefu, ulikuwa kama mgeni. Ulipoondoka nilikunja lile godoro lako, halafu nikalikunjua tena. Vizimba vitatu viko wazi. Naamka kuvifagia vyote vinne kabla sijakumbuka.

Kuna jambo sikukuandikia pale kwa sababu nilihofia jibu. Ninapochinja nasema bismillahi. Tangu Shangazi yako afe sijui kama inatoka. Naisikia kifuani, lakini mdomoni sijui, pengine midomo inacheza tu. Kwa madume wako wanne na wale wadogo sikuwa na mtu wa kumuuliza. Siku ile nilichinja watatu na wewe umesimama karibu yangu, ukashika masikio ya Bi Hasira, na baada ya kila mmoja nilikutazama. Wewe ulidhani nakutazama kuona kama unalia. Nilikuwa nataka kukuuliza, "Umesikia?"

Sasa nakuuliza. Nijibu wazi, hata kama ni hapana.

Nimeacha kuchinja hadi nijue. Kuna dume mmoja mkubwa wa kitoweo, na viazi nimechimba. Jumamosi njoo usimame karibu, unisikilizie.

Mjomba wako,
Ayub